Mara Mbili Juu ya Paa

Wiki iliyopita niliwaacha makaburini, udongo wa kaburi la mke wangu Reva ukiwa bado mbichi, na mimi nimesimama na kiatu kimoja. Cha pili nilikuwa nimemrushia Garland Ballew, mwenye uwanja wa mashindano ya magari, alipokuja na shada la maua lililopangwa kama bendera ya ushindi, miraba myeusi na myeupe. Kilimpata sikioni. Sijutii. Wanaoniandikia kwamba nilivunja heshima ya msiba, wamwulize Ballew yeye heshima aliiona wapi.

Kwa aliyekosa gazeti, nirudie kidogo. Mimi ni Verlin Causby, wa huku vilimani Carolina Kaskazini, mtu wa kiwanda cha soksi siku za kazi na dereva wa mashindano Jumamosi. Gari langu la bluu, namba sita, nililifufua mwenyewe kutoka kwenye mabati yaliyotupwa mtoni. Nimeendesha tangu sijaota ndevu za maana, na ukitoka kaunti yetu ukavuka mbili hakuna anayenijua. Mara moja nilikwenda kwenye uwanja mkubwa wa lami, ule unaoonyeshwa kwenye televisheni. Injini ikapasuka kabla sijatoka jasho. Mara moja gazeti lilinitaja, likaandika Crosby.

Jumamosi aliyokufa Reva nilikuwa wa pili, mizunguko imebaki michache. Kwenye kona ya nne nikasukumwa kutoka nyuma. Gari likageuka, likapiga ukingo, tairi la mbele likang'oka. Tairi likaruka ule wavu wa kufugia kuku ambao Ballew anauita ukuta, likamkuta Reva kwenye benchi la wake wa madereva. Alikuwa anamenya karanga za kuchemsha.

Hakimu wa kaunti alisema ni bahati mbaya. Hakimu huyo kila Jumamosi hukaa bure kwenye kiti cha pembeni ya Ballew, na soseji analetewa. Wavu ule tuliulalamikia madereva wote, mpaka tukaitwa wanawake. Hakuna aliyeulizwa habari za wavu.

Aliyenisukuma ni Orvil Mace. Mace anaendesha gari jekundu, na gari hilo ni mali ya Ballew, kuanzia taa hadi bomba la moshi. Rangi yangu ya bluu ilikutwa kwenye bampa lake. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa.

Huku kwetu, kwenye viwanja vya udongo, hakuna mtu wa kukaa mezani akaamua nani kamgusa nani. Ukimgeuza mwenzako na bendera ya njano ya kupunguza mwendo ikatoka, unapita taratibu mbele ya mshika bendera, unatoa mkono dirishani, unapiga paa la gari lako mara mbili. Maana yake: ni mimi. Mshika bendera anaonyesha namba yako kwa vidole, jukwaa zima lione. Unarudi mkiani, uliyemkosea anarudishiwa nafasi yake, mchezo unaendelea. Ukipiga mara moja ni salamu tu, tunasalimiana hivyo. Mara mbili ni kukiri. Asiyepiga, Jumamosi inayofuata hata kahawa anakunywa peke yake.

Mace hakupiga. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi, na hivyo ndivyo mji mzima ulivyojua. Mke wangu kalazwa chini ya blanketi la mtu, na yule mwanamume kashindwa kuinua mkono.

Ndiyo maana nilirudi uwanjani. Sikutaka kombe, sikutaka hela ya mtu. Nilitaka Orvil Mace apige paa kwa ajili ya Reva, watu wote wakiona.

*

Anayenitengenezea gari ni Wendell, kaka yake Reva. Wendell ni fundi anayeweza kuchomelea hata uji. Lakini alishafungwa kwa kusafirisha pombe ya magendo, na korti ilimwambia akirudi tena mbele yake atazeekea ndani. Vyombo vyetu vyote vya kazi, spana, nyundo, jeki, mtaimbo, alivipaka mipini rangi ile ile ya bluu ya gari, maana kule kwa mafundi mtu ukigeuka kupiga chafya unakuta jeki imehama. Kila mtu anajua: cha bluu ni cha Causby.

Nilimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Shemeji, tairi nimefunga," akasema kutoka huko chini. "Sasa niambie, tunakwenda kushinda au tunakwenda kuzika?"

"Tunakwenda kumsikiliza Mace."

"Mace haongei hata na mkewe."

"Ataongea na paa."

"Na asipopiga?"

Nilitupa kipande cha reli sakafuni, kile nilichokiokota kwenye njia ya zamani ya treni ya magogo. Wendell akachomoza kichwa, uso mweusi kwa grisi.

"Hicho cha nini?"

"Kiweke ndani ya bampa la mbele."

Akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Ukiweka hicho, shemeji, hilo si gari tena. Hilo ni treni."

"Kiweke."

"Reva angekuzaba kofi."

"Reva hayupo, Wendell."

Akajipangusa mikono kwenye suruali. Halafu akavaa miwani yake ya giza akawasha mashine ya kuchomelea. Reli ikaingia mahali pake.

*

Pale getini nilikutana na uso wangu mwenyewe. Ballew alikuwa ametundika bango, mimi upande huu, Mace upande ule, katikati maandishi: CAUSBY NA MACE, LEO HAWATOKI WOTE. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wamekaa juu ya ukuta wa vyoo.

Ballew mwenyewe alikuja na viatu vyake vyeupe. Uwanja wote ni udongo mwekundu, lakini yeye huvaa viatu vyeupe, ili ujue kwamba kuna mtu wa kumfutia.

"Verlin, mwanangu," akasema. "Kiatu chako kiko ofisini. Nimekipiga rangi."

"Nani kakuruhusu kuniweka kwenye bango?"

"Watu wanakupenda. Miaka yote hii unazunguka hapa, nani alikuwa anakujua? Leo wanaimba jina lako."

"Wavu umebadilisha?"

"Umeagizwa."

"Na lile benchi?"

"Benchi nimeliondoa. Kwa heshima ya marehemu."

Nikatazama. Kweli benchi halikuwepo. Pale alipokaa mke wangu palikuwa na kibanda cha soseji, na moshi wake ulikuwa unanijia puani.

Wendell alinishika mkono kabla haujaruka. "Siyo hapa, shemeji."

Ballew akainua kofia yake. Uwanja ule anauongoza kwa kofia. Akiiinua, jamaa wa mnarani anapiga muziki. Akiishusha, muziki unakufa. Akiipunga, jamaa anazima hata taa, kama alivyofanya mwaka juzi watu walipoanza kurushiana viti na yeye akataka waende makwao. Safari hii aliiinua, na mtangazaji akawaomba watu wasimame kimya dakika moja kwa ajili ya Reva Causby. Dakika haikufika nusu, akaanza kutangaza duka la mbolea.

Kabla ya kuanza, madereva wote hukusanyika nyuma ya mnara, mchungaji anatuombea. Mace alisimama nyuma kabisa, kofia kifuani, macho kwenye viatu. Alikuwa amekonda. Mchungaji aliomba tuendeshe kwa upendo. Alipofika kwenye amina, mimi nilishafika kwa Mace.

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili kwenye jicho. Alipoanguka nilimpandia kifuani nikaendelea, na mchungaji anapiga kelele za jina la Yesu juu ya vichwa vyetu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuinua hata mkono.

"Piga, Verlin," akasema, damu inabubujika. "Piga umalize."

"Jitetee, mbwa wewe."

"Piga."

Naibu sherifu, mtu anaitwa Tolbert, ambaye naye hula soseji za Ballew, alinivuta kwa mkanda wa suruali. Mace akakaa. Akatema jino kwenye kiganja, akalitazama, akalitia mfukoni mwa shati kama mtu anayetunza tiketi.

"Mashindano yakiisha, njoo nyuma ya lori," akaniambia. "Nina neno na wewe."

"Neno lako liweke juu ya paa."

Akafungua mdomo kujibu. Kisha macho yake yakaenda kwa Ballew, aliyesimama pale na kofia yake, na mdomo ukafungwa. Niliyaona macho yale. Sikuyajali.

Mzee Estle, mshika bendera, naye alinifuata hadi kwenye gari. Huyo kashika bendera tangu mimi natembelewa na ndoto za kuendesha.

"Verlin, kuhusu Jumamosi ile," akaanza.

"Mzee Estle," Ballew akaita kutoka nyuma, kwa upole kabisa. "Bendera zinakungoja."

Mzee akageuka akaenda, amejikunja kama mtu anayesubiri kupigwa.

*

Tulianza. Udongo ulikuwa umemwagiwa maji, unateleza kama sabuni, na magari yalikuwa mengi kuliko njia. Nilianza katikati. Kijana wa gari la kijani alinibana kwenye kona ya kwanza, nikamtupa nje. Mwingine akafunga breki mbele yangu, nikamkunja ubavu. Nilisikia reli inafanya kazi yake, kishindo kizito tumboni, na mabati ya watu yanakunjamana kama karatasi.

Kwa wale niliowagusa, bendera ya njano ilipotoka, nilipita mbele ya mzee Estle nikapiga paa mara mbili. Nikarudi mkiani. Nikaanza tena. Nilitaka Mace aone kwenye kioo chake jinsi inavyofanywa.

Mzunguko baada ya mzunguko nikamfikia. Nikamgusa mkiani, kidogo. Nikatoa mkono dirishani nikapiga paa langu, pa, pa. Zamu yako.

Hakupiga.

Nikamgusa tena, zaidi. Gari lake likayumba, akalirudisha. Nikapiga paa. Jukwaa likaanza kuelewa, watu wakasimama, wakapiga mbao za viti kwa miguu. Pa, pa. Kila nikipiga, nao wanapiga.

Tukiwa kwenye mstari wa kuelekea kona ya tatu, mkono wa Mace ukatoka dirishani. Mkono ule ukapanda, nikadhani sasa. Lakini aliupunga tu, kuelekea mbele, taratibu. Kisha akahama njia ya ndani akaniachia.

Alikuwa ananipisha.

Mimi sikutaka kupita.

Nilikanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa chuma, nikamwingia pale nyuma ya mlango na reli yote. Ilikuwa kona ya nne. Nilichagua kona ya nne. Gari jekundu lilipanda juu ya boneti langu, nikaona tumbo lake lote, na gurudumu linazunguka mbele ya uso wangu. Likapinduka. Likapinduka tena, kioo kinamwagika, mlango unaruka peke yake. Likatua kichwa chini mbele ya kibanda cha soseji, likateleza, likapiga nguzo, likatulia.

Bendera nyekundu ikatoka. Magari yote yakasimama pale yalipokuwa, injini zikazimwa. Ndivyo sheria ilivyo.

Nitasema kweli. Nilifurahi. Furaha hiyo ilinitosha muda wa kufungua mkanda.

Kisha nikaona moto chini ya boneti la Mace, mdogo, wa bluu, unatambaa kufuata mafuta yaliyomwagika. Na mkono unatoka kwenye lile dirisha lililobonyea, unachimba udongo.

Nilikimbia. Msiniulize kwa nini, mtu niliyetoka kumpindua mwenyewe. Wendell naye alikuwa anakuja kutoka kwa mafundi na mtaimbo begani. Gari la zimamoto la Ballew lilifika kwanza, likafungua bomba, likatoa maji ya kunawia uso, basi. Wanawake wa kibanda cha soseji ndio waliokuja na ndoo za barafu na maji ya kuchemshia karanga.

Nilimnyang'anya Wendell mtaimbo nikauingiza kwenye fremu ya dirisha. Nikavuta. Chuma kilikuwa kimepata moto mpaka mpini wa bluu unatoa malengelenge. Viganja vyangu vilikuwa vinaungua, nanusa nyama yangu mwenyewe. Mace ndani anapiga mayowe, hayakuwa maneno, ni mayowe tu ya mnyama. Nikavuta tena. Fremu ikakatika. Wendell akamshika makwapa, mimi mkanda, tukamchomoa.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda pasipo na goti, na mfupa umetoka mweupe. Nywele za upande mmoja hazipo.

Tukamlaza kwenye udongo. Mtaimbo bado niko nao mkononi, na wazo lililonijia, Mungu anisamehe, ni kuutumia.

"Nilipiga," Mace akasema.

"Ulipiga nini?"

"Paa. Siku ile." Meno yalikuwa yanamgongana. "Nilipiga nikiwa nimesimama pale pale. Mara mbili. Mara nne. Nilipiga mpaka mkono ukavimba, Verlin. Muulize mzee Estle."

Mzee Estle alikuwa amekwishafika, bendera nyekundu mkononi, anahema.

"Mzee," nikamwambia. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilimwona kwa macho yangu, watu wote wanamkimbilia Reva, mimi namtazama yeye anapiga. Nikaenda kumwambia Bwana Ballew nitoe namba. Akaniambia sikuona kitu. Akasema nikitoa namba, kesi inakuja uwanjani kwake."

"Yeye ndiye aliyenituma," Mace akasema. "Alikuja dirishani kwangu kabla ya kuanza. Akasema jukwaa linasinzia, mguse Causby kidogo tu, ageuke, watu waamke. Gari ni lake. Nikisema hapana, nashuka."

"Na baada ya kuzika? Ulishindwa kunifuata?"

"Alisema nikifungua mdomo ataapa nilifanya kwa chuki zangu. Hakimu ni mtu wake. Nina watoto, Verlin." Akaning'ang'ania suruali. "Ndiyo maana sikurudisha ngumi. Nilikuwa nadaiwa zile."

Nilijaribu kufungua mkono niuachie mtaimbo, haukutoka. Ngozi ilikuwa imeshikana na mpini. Nikauvuta kwa nguvu, ukaondoka na kiganja changu, nikautupa. Ulianguka karibu na viatu viwili vyeupe.

Ballew alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alianza kusikiliza wapi.

Nilimrukia. Vidole vyangu vibichi vilifika kwenye shingo yake, niliihisi nyama yake laini, kisha kirungu cha Tolbert kikanipata kwenye mbavu, nikapiga magoti. Cha pili kikanipata mgongoni.

"Inatosha, Tolbert," Ballew akasema, anajikohoza. Akainama karibu na sikio langu, mtu yeyote wa jukwaani angedhani ananifariji. "Sikiliza, mwanangu. Tairi lake lilipasuka. Umeelewa? Hukumgusa. Panda gari, nafasi ya kwanza ni yako, mizunguko iliyobaki ni ya kutembea tu. Utabeba kombe, nitakupiga picha na kombe."

"Kila mtu kaniona."

"Wamemwona Mace akipinduka. Watu huona ninachowaambia kwenye kipaza sauti." Akashusha sauti zaidi. "Lakini ukipiga lile paa, umekiri. Na mimi nitafungua bampa lako mbele ya naibu hapa. Reli imechungulia, nimeiona, na hiyo si mchezo, ni kutaka kuua. Fundi aliyeichomelea ni nani? Yule mwenye kesi ya pombe. Hakimu hatacheka."

Akaninyanyua mwenyewe, akanifuta vumbi begani.

Mzee Estle alikuwa amesikia. Alikuwa ameishika bendera yake kwa mikono miwili.

"Verlin," akasema, na sasa hakunong'ona. "Ukipiga wewe, nami nasema. Nyote wawili. Ya leo na ya siku ile, namba yako na namba ya Mace, na aliyenikataza kuitoa. Nitapanda mnarani nikaseme kwenye kipaza sauti. Lakini siwezi kuanza mimi. Sijawahi kutoa namba ya mtu ambaye hajapiga."

Wewe unayesoma unaweza kumwona mjinga. Mimi nilimwelewa. Kazi yake yote ilikuwa hiyo, na walishamnyang'anya mara moja.

Nikamtazama Wendell. Yeye ndiye wa kuzeekea ndani.

"Shemeji," nikasema.

Wendell alikuwa anamfunga Mace mguu kwa shati lake. Hakuinua kichwa. "Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako," akasema. "Nenda kapige."

Nilitembea. Mbavu zilikuwa zinasagana. Gari langu lilikuwa pale katikati ya kona ya nne, pua imepondeka, moshi unatoka. Jukwaa likanyamaza, maana mtu aliyeshuka garini kwake bendera nyekundu ikiwa juu harudi hivi hivi. Nikasimama upande wa mlango, nikainua mkono wangu usio na ngozi ili wote wauone.

Nikapiga ya kwanza.

Maumivu yalinifika hadi kwenye meno. Watu hawakujua bado, moja ni salamu. Kwa pembeni ya jicho nikamwona Ballew anavua kofia.

Akaipunga.

Taa zote za uwanja zikazimika kwa pamoja. Hata ule moto ulikuwa umeshakufa. Giza lilikuwa zito, na ndani yake watu elfu mbili wanavuta pumzi.

Nikapiga ya pili.

Injini zote zilikuwa zimezimwa, hakuna muziki, hakuna mtangazaji. Pigo lile lilisikika mpaka kwenye viti vya juu. Mwanamke mmoja akasema gizani, wazi kabisa, "Amepiga." Mwingine akalipokea, na mwingine, mpaka jukwaa lote likawa linasema neno hilo moja.

"Nimeisikia," sauti ya mzee Estle ikasema, upande wa mnara. Alikuwa anatembea, nilisikia bendera inapigwapigwa na upepo. "Nimeisikia, Verlin. Sasa naku..."

Nikasikia chuma kikipiga kitu ambacho si chuma.

Kisha mtu anaanguka. Kisha hatua za haraka kwenye udongo, kisha Wendell anaita, "Nani? Nani hapo? Mzee?"

Taa ziliporudi, mzee Estle alikuwa amelala kifudifudi, bendera nyekundu chini ya uso wake, huwezi kujua kitambaa kinaishia wapi. Wendell alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mzee mapajani mwake, mikono imelowa damu hadi viwiko. Na pembeni ya goti lake, mtaimbo wetu.

Ballew alikuwa mbali, karibu na mnara, kofia kichwani. Kiatu kimoja cheupe, kingine chekundu kwa udongo mpaka juu ya kisigino.

"Shemeji, siyo mimi," Wendell akasema. "Nilimsikia anaanguka, nikakimbilia. Siyo mimi."

Tolbert alishamvuta mkono mmoja nyuma, pingu ikalia. Kwa mkono mwingine akauokota mtaimbo kwa leso yake, akauinua juu kwenye mwanga, watu wote wauone ule mpini wa bluu. Akanigeukia.

"Causby, nakuuliza wewe. Huu mtaimbo ni wa nani?"

Wendell ananitazama. Jukwaa zima linanitazama, lile lile lililotoka kunisikia nikisema kweli. Na kwenye ule mpini, kipande cha ngozi ya kiganja changu kilikuwa bado kimeganda, kinang'aa chini ya taa.